Pingamizi la viwanja vipya lianzie kisimani

Ikitangazwa tu kwamba shamba fulani kijijini litakatwa viwanja vya nyumba, malalamiko ya wakazi huja kwa mpangilio uleule. Kwanza utulivu utapotea na mandhari itaharibika. Kisha wageni: hatuwajui, watakuja na tabia zao. Maji, yakitajwa, hutajwa na mzungumzaji wa mwisho, wakati wajumbe wa kamati wameshaanza kukusanya makaratasi yao. Kwa maoni yangu, mpangilio huo ni zawadi kwa mwendelezaji, yaani anayekata shamba na kuuza viwanja.

Hoja ya mandhari ni ya kweli, ila mwendelezaji huimaliza kwa kuchora mstari wa miti kwenye ramani. Ile ya wageni sina huruma nayo kabisa. Watu wanahitaji mahali pa kuishi, na wengi wanaoitoa ni wajukuu wa watu waliohamia. Isitoshe, inawapa wakubwa sababu ya kutupa kapuni na zile pingamizi zenye uzito.

Uzito uko chini ya ardhi. Sehemu nyingi za vijijini hazina mtandao wa mabomba ya maji taka, hivyo kila kiwanja huwa na tangi lake. Yabisi hubaki humo, na maji yanayotoka husambazwa kwenye mitaro ya kokoto yazame. Udongo mzuri wenye kina cha kutosha hukamata vijidudu vingi. Nitrati, chumvi inayotokana na uchafu wa binadamu unapooza, ni jambo lingine: huyeyuka na kushuka pamoja na maji hadi kwenye visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa sababu ya watoto wachanga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Nyumba tano katika shamba kubwa hazisumbui. Mvua inayozama inatosha kuzimua kilichoshuka. Weka nyumba 60 palepale, mzimuo huo unapungua sana. Na anayekunywa matokeo si lazima awe mkazi mpya, kwa kuwa maji ya chini hufuata mteremko wake bila kujali mpaka wa hati.

Ndiyo maana ningependa kikao cha hadhara kianze na maswali makavu. Udongo ulipimwa uwezo wake wa kunyonya maji katika mashimo mangapi, na ilikuwa kiangazi au masika? (Kiangazi karibu udongo wote huonekana mzuri.) Kisima kipya kikivutwa mfululizo kwa siku kadhaa, visima vya jirani vinashuka kiasi gani? Mwendelezaji akishauza kiwanja cha mwisho na kuondoka, nani atahakikisha matangi yananyonywa kwa wakati? Hilo la mwisho mara nyingi hujibiwa kwa kutaja "umoja wa wamiliki" ambao bado haujaundwa, hauna fedha wala mtu wa kuushtaki.

Mafuriko yana mantiki kama hiyo. Mapaa na lami havinyonyi mvua, na watafiti wa vijito wameona mara nyingi kwamba afya ya kijito huanza kuzorota pale takriban asilimia 10 ya eneo linalokilisha maji inapofunikwa. Kuhusu magari nitasema kidogo tu: idadi yao hukadirika mapema, kwa hiyo wakazi wadai hesabu badala ya kubishana kwa hisia.

Kuna mchezo mmoja unaonikera. Mwendelezaji mwenye shamba zima huomba kibali cha kipande kidogo, chini tu ya kiwango kinacholazimisha tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Baadaye anarudi na kipande cha pili, halafu cha tatu. Kila ombi peke yake linaonekana dogo, na jumla yake haikadiriwi na mtu yeyote. Wakazi wakiona barabara kwenye mchoro inaishia ghafla kwenye mpaka wa shamba lililobaki, waulize inaelekea wapi.

Simlaumu mkulima anayeuza. Pengine amezeeka, watoto wamekwenda zao, na ardhi ndiyo akiba yake pekee. Kumwambia asiuze ili majirani waendelee kutazama shamba lake ni ubinafsi. Kwa hiyo wanaopinga waseme pia wangekubali nini: labda nyumba zilezile zikusanywe upande mmoja, zitumie mtambo mmoja wa kusafisha maji taka wenye msimamizi anayejulikana, na sehemu iliyobaki ifungwe kisheria kama ardhi ya kilimo.

Na hata mradi ukipita, liwepo sharti moja ndani ya kibali: visima vya majirani vipimwe, kina na ubora wa maji, kabla trekta la kwanza halijaingia, kwa gharama ya mwendelezaji na kwa maabara ambayo hakuichagua yeye. Vipimo vikichukuliwa miaka miwili baadaye, mwendelezaji atasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani, na majirani hawatakuwa na karatasi ya kumjibu.