Asilimia 18 ya Xijiang

Msafiri anayezunguka kusini-mashariki mwa mkoa wa Guizhou, China, huenda na picha yake kichwani: mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi, nyumba za mbao za kabila la Wamiao zilizosimama juu ya nguzo, watu wa kabila la Wadong wanaoimba kwa sauti nyingi bila ala yoyote. Vyote hivyo vipo. Kisha anafika Xijiang, kijiji cha Wamiao chenye kaya kama 1,400, na kukuta geti, tiketi, na wanawake waliovaa mapambo ya fedha wakimnywesha pombe ya mchele njiani. Haya ni maigizo, anasema, na anageuka kutafuta kijiji "halisi" zaidi.

Ana hoja. Makaribisho yale, ya kunyweshwa kituo baada ya kituo hadi kumi na viwili, yalikuwa heshima ya mgeni mkubwa. Leo hata abiria wa basi la watalii anayapata. Mtaa wa chini umejaa maduka ya vito vinavyofanana, na mengi wamepanga watu wa kuja.

Ila sijamsikia mlalamikaji akieleza palikuwaje kabla ya geti. Guizhou ilikuwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa China. Vijana waliondoka kwenda viwandani mkoani Guangdong, nyumbani wakabaki bibi, babu na wajukuu. Huo ndio "uhalisi" wenyewe, na anayetaka udumu hakai humo hata usiku mmoja.

Halafu kuna asilimia 18, ambayo kwangu ndiyo habari yenyewe. Sehemu hiyo ya mapato ya tiketi hugawiwa wanakijiji kama tuzo ya kutunza urithi, na kila nyumba hupimwa: ina umri gani, mbao zake zikoje, imebaki na umbo lake au imebandikwa saruji. Mwenye nyumba kuukuu iliyotunzwa hupata zaidi. Kwa maneno mengine, yule mzee wa juu kilimani, ambaye hana duka wala mpangaji, analipwa kwa kutobomoa.

Piga hesabu. Tuchukue tiketi ya yuan 100: asilimia 18 ni yuan 18. Gawa kwa kaya 1,400, kila kaya inapata senti moja na chenga kwa mgeni mmoja. Kichekesho! Lakini wakiingia wageni milioni moja wa kulipa kamili, ni zaidi ya yuan 12,000 kwa kaya, kwa wastani. Kwa familia ya mlimani hiyo si pesa ya kudharau. Hata hivyo zile yuan 82 nyingine nazo zina mwenyewe. Zipo gharama za barabara, usafi na ulinzi wa moto, sawa. Bado sioni kwa nini aliyejenga nyumba, akaitunza na kuishi humo awe na fungu dogo kuliko wanaosimamia geti. Hapo ndipo lawama zingefaa kuelekezwa, badala ya kumsuta mama anayemimina pombe.

Tena kuna hatari kubwa kuliko maigizo. Wengding, kijiji cha Wawa (watu wa kabila la Wa) mkoani Yunnan, kilinadiwa kuwa kabila la mwisho la kale. Kaya nyingi zilihamishiwa kijiji kipya, nyumba za nyasi zikabaki za kutazamwa. Tarehe 14 Februari 2021 moto uliteketeza karibu zote. Nyumba za nyasi huungua hata zikiwa na watu, hilo halina ubishi, lakini kijiji kisicho na moshi wa jikoni wala wenyeji wa kuamka usiku kimeshageuzwa ghala la maonyesho. Xijiang, pamoja na kelele zake zote, watu wanalala humo.

Tangu Desemba 2014 treni ya mwendokasi inaunganisha Guangzhou na Guiyang, mji mkuu wa Guizhou, kupitia milima hiyohiyo, na safari iliyokuwa ikila usiku na mchana sasa ni ya saa chache. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefuata mzigo Guangzhou anaweza kufika Xijiang huku kontena lake likipakiwa. Akifika, alipe tiketi bila kununa, apite mtaa wa maduka, apande hadi nyumba za juu na apange chumba kwa mwenyeji mwenyewe. Yuan hizo hazisubiri mgawo wa mtu.