Nilijifungulia Uingereza, aliyeuona mguu wangu alikuwa Tanga

Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa, "Wewe una bahati, unazalia Ulaya." Siikatai. Kwa kibali nilichonacho sikulipa hata senti, sikubeba beseni wala glavu wala pamba, na wakunga walinifuata mpaka nyumbani kumpima mtoto. Dada yangu Tanga alikwenda wodini na mfuko wa vifaa vyake mwenyewe, na muuguzi akamwuliza mbona siku ile hakulia. Huku hutasemwa hivyo. Huku wanakuita "mpenzi" kama mmeoana.

Siku ya nane shavu la mguu wa kushoto likaanza kuniuma. Mkunga akatabasamu: ni uchovu, mpenzi, nyanyua miguu, kunywa maji. Jioni tukawa kwenye video na Mama Mkubwa, aliyewakanda wazazi wote wa ukoo wetu. Akaniambia nishushe simu aone. "Umevimba mmoja tu? Huo si uchovu, mwanangu. Uchovu haubagui."

Hospitali nilikaa kwenye kiti kwa muda wa saa tano, kisha daktari akaniambia nirudi nyumbani. Jirani yangu Mkenya aliyenisindikiza akatoa daftari. "Sawa, tunaondoka. Ila andika kwenye faili lake kwamba umekataa kumpima, na jina lako utie." Dakika ishirini baadaye kipimo kikapatikana. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa. Nikajidunga sindano tumboni kila siku kwa miezi mitatu.

Nilidhani ni mkosi wangu, mpaka nikaona takwimu. Kati ya 2020 na 2022, katika kila wanawake weusi 100,000 waliojifungua Uingereza, waliokufa kwa uzazi walikuwa kama 35. Kwa weupe, katika idadi hiyo hiyo, kama 12. Na kilichoongoza kuua ni hiyo hiyo damu kuganda. Mtanijibu kwamba Tanzania utafiti wa 2022 ulihesabu 104, na kweli, kwetu bado ni hatari zaidi. Lakini kwetu mama anakufa kwa kukosa damu, gari, daktari wa kumpasua. Mimi kipimo changu kilikuwa chumba cha pili, nikakosa mtu wa kuniamini. Wapo wanaosema tofauti hii inatokana na presha, kisukari na umaskini. Yamo, sibishi. Lakini mguu wangu haukuwa na kisukari.

Daftari lile jirani hakulibuni. Mwaka 2019 akina mama wawili weusi, Tinuke Awe na Clotilde Abe, walianzisha shirika la FivexMore. Jina linatokana na hesabu ya wakati ule, kwamba weusi walikuwa wakifa kwa uzazi mara tano ya weupe. Wanawafundisha wajawazito kusema, kutafuta wa kuwasemea, kuomba daktari mwingine, na kuandika kila kitu.

Sisi Waswahili wa mji huu tumeongeza la kwetu. Kwenye kundi la WhatsApp, mwenzetu akikaribia kujifungua tunapangiana zamu: nani wa kumsindikiza, nani wa uji wa pilipili manga, nani wa kumkanda siku arobaini. Sharti la msindikizaji ni moja tu, awe mbishi. Wapole tunawapeleka jikoni.

Jumamosi zamu ni yangu. Ni binti wa Bujumbura, mimba ya kwanza, Kiingereza bado kinamsumbua. Daftari nimeshanunua, na Mama Mkubwa anauliza ataunganishwa kwenye video saa ngapi.