Kadi ya harusi imegeuka uzio

Jamani mafundi wa stesheneri hapa Dodoma, nawaomba. Nimeletewa kadi ya mchango, ukumbi uko Nkuhungu, ila kwenye hilo jina nilichoona ni nguzo tupu, kama uzio wa zizi la ng'ombe. Ile fonti mliyotumia, yaani mtindo wa herufi uitwao Bodoni, ina mstari mmoja mnene na mwingine mwembamba kama unywele. Wino ukipungua, ule mwembamba unapotea. N, u na h zinabaki vijiti. Bodoni mwenyewe aliyeibuni, Mwitaliano wa Parma aliyefariki 1813, alichapa kwenye karatasi laini, si kadi zenu hizi. Majina ya maharusi, makubwa, sawa, yanapendeza kweli. Lakini namba ya kutuma mchango, tena kwa herufi za sisimizi? Elfu hamsini yangu nusura iende kwa mtu nisiyemjua!