Ubongo Umesamehewa, Tumbo Lilipe

Jamani, nani aliwaambia watu kwamba mwenye ufadhili Marekani anasoma bure? Mleteni hapa anijazie hii fomu 1040 ya kodi ya mapato.

Hebu oneni mwili wangu unavyogawanywa. Kama unasomea shahada, hela ya ufadhili iliyolipa karo, pamoja na vitabu na vifaa ambavyo kozi inavidai kwa lazima, haitozwi kodi. Safi, IRS, watoza kodi wa Marekani, Mungu awazidishie. Ila hela hiyohiyo ikigusa chakula, nauli au chumba, hayo ni mapato! Yaani nalipa kodi ya nyumba, halafu nailipia kodi ile kodi. Wanadhani nasomea hewani? Kabla ya sheria ya mwaka 1986 aliyoisaini Rais Reagan, hata malazi ya mwanafunzi yalikuwa yanaweza kusamehewa. Mimi kila neema nakuta sufuria limeshaoshwa.

Kompyuta nayo ina kesi yake. Kozi ikiidai kwa kila mwanafunzi, imepona. Profesa akisema tu "itawafaa sana", basi imekula kwako. Profesa, ndugu yangu, andika LAZIMA! Wino unauogopea nini?

Kinachoniudhi zaidi ni ile posho ya ufadhili inavyoingia benki nzimanzima, haijakatwa hata senti, wala hakuna W-2, ile karatasi ya mshahara na kodi iliyokatwa, inayokuja nyuma yake. Unajiona tajiri. Chuo kinakutupia karatasi moja, 1098-T: kisanduku cha 1 karo, kisanduku cha 5 ufadhili. Cha 5 kikikizidi cha 1, piga hesabu mwenyewe, toa vitabu, kinachobaki kipeleke Jedwali la 1 la ile 1040, mstari wa 8r. Na huo mstari wenyewe ni mgeni, umekuja na fomu za mwaka 2022. Waliotutangulia walikuwa wanachora herufi SCH, yaani "scholarship", kando ya mstari wa mishahara, kama wanaoandika ukutani.

Tena usijidanganye utasubiri Aprili ulipe kwa mkupuo. Deni likiwa la kutosha wanataka ulipe kidogokidogo kila robo mwaka, ukichelewa kuna faini. Sasa angalieni robo zao: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15, Januari 15. Robo ya kwanza hadi ya pili miezi miwili, inayofuata mitatu, ya mwisho minne! Hesabu hii ningeipeleka mimi darasani, ufadhili wenyewe ungeishia hapo.

Nikaenda ofisi ya chuo, nikiwa mpole kabisa. Dada wa dirishani akanitabasamia: "Sisi hatutoi ushauri wa kodi. Muone mhasibu."

Sawa, dada. Mhasibu nitamlipa kwa posho. Na hela ya mhasibu, je, inahesabika pamoja na vitabu?

Thubutu!