Ukiacha pombe, usingizi hauji kesho yake

Shuhuda za walioacha pombe nimezisikia kanisani, vijiweni na kwenye magrupu ya simu, na zote zinafanana. Hela imeanza kukaa mfukoni, nyumbani kumetulia, kitambi kimepungua, na "siku hizi nalala kama mtoto". Hayo matatu ya mwanzo siyabishii. Hilo la nne linanikera, kwa sababu aliyeacha wiki hii analisikia, halafu usiku anakodolea macho dari mpaka adhana ya alfajiri, na kukicha anajiona yeye ndiye mwenye kasoro.

Anayeacha aambiwe mapema: usingizi unaharibika kwanza, ndipo unatengemaa. Kwa mnywaji wa wikiendi ni suala la siku chache. Kwa aliyekunywa kila siku miaka nenda miaka rudi, hesabu ni ya miezi.

Shida inaanzia kwenye imani yetu kwamba bia inalaza. "Ngoja nipate mbili za kulalia," mtu anasema, na kweli akigusa mto amezima. Pombe inaleta usingizi haraka, na saa za mwanzo usingizi huo ni mzito. Deni linadaiwa baadaye. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe, na ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Aliyeanza saa mbili usiku akanywa tatu, pombe inamwisha mwilini kati ya saa nane na saa kumi na nusu. Ndiyo maana saa tisa jicho linafumbuka lenyewe, koo limekauka, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka na feni inazunguka. Kibofu nacho kimejaa, kwa kuwa pombe huzuia homoni inayozifanya figo zibane maji. Kuanzia hapo mpaka asubuhi ni usingizi wa mang'amung'amu. Mkoromo wenyewe sina haja ya kuusimulia, waulizeni wake zetu. Pombe hulegeza misuli ya koo na njia ya hewa inajibana.

Tena hata hiyo faida ya kulala haraka haidumu. Ukizinywa mfululizo, baada ya siku chache zile mbili hazilazi tena, zinatakiwa tatu, kisha nne.

Sasa ukiacha, kinachotokea ni hiki. Ubongo una kemikali za kuutuliza, kubwa ikiwa GABA, na za kuuchangamsha, kubwa ikiwa glutameti. Pombe inaitia nguvu ya kwanza na kuibana ya pili. Ikija kila siku, ubongo unajipanga upya kwa kuongeza nguvu upande wa uchangamfu, kama mtu aliye ndani akiusukuma mlango ambao mwenzake anausukuma kutoka nje. Siku wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anapitiliza na kuanguka kifudifudi. Huko kuanguka ndiko kukosa usingizi, mapigo ya moyo kwenda mbio, wasiwasi usio na sababu, na kushtuka kila mbwa wa jirani anapobweka.

Na hapa niseme jambo ambalo si la mzaha. Kama mtu amekunywa sana kila siku, hasa pombe kali, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue, huyo asiache kwa kujifungia chumbani. Dalili huanza saa 6 mpaka 24 baada ya tone la mwisho. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne kuna hatari ya kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa, hata kifo. Watu husema karogwa, au mapepo yanatoka. Apelekwe hospitali, dawa zake zipo, na vitamini B1 pia atapewa kwa sababu walevi wengi wanakuwa wamepungukiwa nayo.

Wengi hawafiki huko. Wengi ni kama rafiki yangu fundi magari, ambaye shida yake ilikuwa usiku tu. Mkewe alinipigia simu.

"Shemeji, bora alivyokuwa anakunywa."

"Kwa nini tena, shemeji?"

"Angalau alikuwa analala. Sasa hivi saa nane za usiku anawasha taa, anafungua friji, anakwenda kukaa nje kuhesabu bodaboda. Mimi saa kumi na moja natakiwa kituoni."

"Vumilia, ni mwili unaizoea hali mpya."

"Mpaka lini?"

Swali zuri kuliko yote. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya kupita zote. Kwa wengi, kuanzia ya pili au ya tatu, kulala kunaanza kurudi, ingawa kwa kuibaiba: usiku mmoja unalala kwa saa sita, unaofuata kwa saa tatu. Usingizi mzito, ule unaomfanya mtu aamke amepona uchovu, ndio unaochelewa. Kwa waliokunywa sana kwa muda mrefu, vipimo vya maabara vimeukuta bado mwembamba miezi mingi baada ya kuacha.

Halafu zinakuja ndoto. Pombe ilikuwa inaubana usingizi wa ndoto, ule wanaouita REM, na ikiondoka unarudi kwa fujo. Mimi nilikuwa naota niko kwenye baa ileile, chupa inatoka jasho, mhudumu ameshaifungua bila kuniuliza, na nimefika nusu ndipo nakumbuka kwamba nimeacha. Naamka najinusa mdomo kwa kiganja. Nikimsimulia mtu nikadhani atacheka, anasema, "Na wewe pia?" Wengi walioacha wanaijua ndoto hiyo. Haina maana kwamba moyo wako bado uko baa, wala si ishara ya kupelekwa kwenye maombi. Ni ubongo unafidia.

Kwa nini nalikazania suala la usiku? Kwa sababu usiku ndio unaowarudisha watu. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakiongozwa na Kirk Brower, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa waliotibiwa ulevi. Kati ya waliokuwa na shida ya usingizi tangu mwanzo, asilimia 60 walirudia kunywa. Kati ya wasiokuwa nayo, asilimia 30. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, watu 74, lakini ukiwa umewahi kukaa macho saa tisa usiku huku unajua fika kwamba dawa ya kukulaza inauzwa hatua hamsini kutoka mlangoni, hutaziona takwimu hizo za ajabu. Tunawahubiria watu kuhusu marafiki wabaya na mwisho wa mwezi. Saa tisa usiku hatuizungumzii, na saa hiyo marafiki wabaya wenyewe wamelala.

Kibaya zaidi ni vile tunavyojitibu. Cha kwanza ni enaji. Mtu ameacha bia lakini kijiwe hajaacha, kwa hiyo wenzake wanamnunulia kopo la enaji ili mkononi asiwe mtupu. La mililita 250 mara nyingi lina kafeini ya miligramu 80 hivi, na baada ya saa tano nusu yake bado inazunguka mwilini. Anakunywa mawili mechi ikiendelea, akifika kitandani anaulaumu mwili. Cha pili ni piritoni, dawa ya mafua na mzio, inayoliwa uswahilini kama karanga kwa ajili ya usingizi. Inapumbaza, asubuhi unaamka na kichwa cha pamba. Cha tatu ndicho kinachonitisha, valiamu ya kununua kwa kujuana kwenye duka la dawa. Hiyo inafanya kazi kwenye mlango uleule wa GABA ambao pombe ilikuwa inaufungua. Daktari huitumia kwa kipimo na kwa siku chache kumvusha mgonjwa. Ukijigawia mwenyewe umebadilisha chupa kwa kidonge, na ukichanganya vyote viwili unaweza kuacha kupumua.

Njia inayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, na madaktari wa Marekani waliiweka mbele ya vidonge mwaka 2016, ni ya kubadili mazoea: amka saa ileile kila siku hata kama umelala saa mbili tu, usilale mchana kufidia, usikae kitandani ukigaagaa, ondoka urudi pale usingizi unapokuja. Imeandikwa na watu wenye nyumba kubwa, hilo liko wazi. "Nenda chumba kingine" kwa anayeishi chumba kimoja na watoto wawili maana yake ni nenda nje. Basi nenda kibarazani. Fundi yule hakuwa anakosea kwenda kuhesabu bodaboda. Alichokosea ni kulala gereji kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa, kisha usiku akashangaa. Alipoacha huo usingizi wa mchana, simu za shemeji zilipungua.

Nawafikiria hasa wale wanaoacha kwa msimu. Ramadhani ikiingia, kukosa usingizi kunasingiziwa daku. Kwaresma haina cha kusingizia. Mnywaji wa kila siku anafunga siku 40, analala vibaya nyingi kati ya hizo, na usingizi mzito haujapata hata nafasi ya kurudi. Pasaka anafungua ya kwanza, usiku huo anazima kama taa, na Jumatatu anakutangazia kwamba amejaribu, amethibitisha, yeye bila bia halali.