Hatua ipi ipimwe kwanza?

Mpwa wangu anaandika programu ya sataranji. Jioni moja tumekaa Mkunguni hapa Lamu, wazee wakishindana bao mbele ya ngome, akanifungulia kompyuta. "Mjomba, mbona imekuwa nzito hivi?" Nikatazama: ilipanga hatua zote kwa vigezo sita kabla ya kuchunguza hata moja.

Wanaoshikilia kupanga wana hoja nzito. Tuseme kila zamu ina hatua 35. Kutazama zamu nne mbele ni kupima hali 1,500,625. Njia ya uchunguzi iitwayo alfa-beta hukata tawi, yaani huacha kufuatilia hatua fulani na zote zitokanazo nayo, mara tu likipatikana jibu linalolibatilisha, na kwa hesabu waliyoichambua wanasayansi wa kompyuta Knuth na Moore mwaka 1975, mpangilio ukiwa bora kabisa, hatua bora zikitangulia, hali hizo hushuka hadi 2,449. Mpangilio ukiwa mbovu kabisa, hukati kitu.

Lakini kupanga nako kuna gharama. Ikiwa hatua ya kwanza imekata tawi, zile 34 ulizipanga za nini? Afadhali ujaribu kwanza hatua iliyokumbukwa kutoka uchunguzi uliopita, hata kabla ya kuorodhesha nyingine. Hilo kijana hakulifanya.

Tena vigezo vyepesi hudanganya. Kanuni ya kumtanguliza mliwa mwenye thamani kubwa itaweka malkia kula ngome iliyolindwa (ngome ya ubaoni, si ile ya nyuma yetu) mbele ya askari kula farasi. Kwa alama, malkia ni 9, ngome 5, farasi 3, askari 1: malkia akiliwa, umepoteza 4. Askari yule, hata akiliwa, amekuachia faida ya 2. Kupima mabadilishano mpaka mwisho hurekebisha kosa hilo, ila huongeza kazi.

Mimi ninachokiogopa zaidi ni kingine. Katika alfa-beta tupu, mpangilio mbaya hukuchelewesha tu, jibu ni lile lile. Programu za leo, Stockfish mojawapo, huzichunguza kwa kina kidogo, yaani zamu chache zaidi mbele, hatua za mkiani mwa orodha. Hapo foleni imeshakuwa hukumu: hatua ya kimya, isiyokula wala kutisha, inaweza kupitwa ingawa ndiyo ya ushindi. Wanaotetea kupunguza huko husema kina kinachopatikana kwingine hufidia, na hatua ikionyesha dalili nzuri huchunguzwa upya. Nakubali, mradi dalili yenyewe ionekane kwa kina hicho kifupi.

Usiku ule alifuta vigezo vinne. Kipengele cha kupunguza kina hakukigusa, nami bado namwambia akizime kwanza, apime saa, ndipo akirudishe.