Mgunga na jina lililokwenda Australia

Wapo wanaosema kelele za kupinga jina Acacia, lililokuwa la kisayansi la migunga, kuachiwa miti ya Australia ni hasira za Waafrika waliozidiwa na sayansi. Si kweli. Sayansi yenyewe haikuwa na mgogoro: vinasaba vilionyesha kwamba miti iliyowekwa katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zenye undugu, ni ya koo mbalimbali, na ilibidi igawanywe. Ugomvi ulikuwa nani abaki na jina.

Kwa kawaida jina hubaki na spishi iliyo kielelezo cha jenasi, ile ambayo jina limefungwa kwake, na kielelezo cha Acacia kilikuwa mgunga wa Mto Nile. Hata neno lenyewe ni la huko: Wagiriki wa kale waliuita akakia mti wa miiba wa Misri. Mwaka 2003 likaja ombi kutoka Australia kwamba kielelezo kiwe mti wa kwao, Acacia penninervis, usio na hata mwiba mmoja.

Hoja yao ina uzito. Australia ina spishi karibu 1,000, za Afrika hazifiki 200, na kubadili majina 1,000 vitabuni, kwenye sheria na vitaluni si kazi ndogo. Hesabu ya miti naielewa. Hesabu ya kura ndiyo imenikwama kooni. Katika kongamano la botania la Vienna mwaka 2005, asilimia 54.9 ya kura zilikataa ombi hilo, nalo likapita! Kamati ya majina ya mimea ilikuwa imeshapendekeza likubaliwe, na kutengua pendekezo hilo kulihitaji asilimia 60. Yaani waliolinda jina lililokuwapo tangu 1754 ndio waliodaiwa kufikisha 60. Waliotaka kulihamisha walitosheka na 45. Hapo ndipo walalamikaji wanapostahili kusikilizwa, maana wanadai utaratibu, si huruma. Mwaka 2011, huko Melbourne, wajumbe wengi waliridhia uamuzi ubaki.

Matokeo yake yaone Njombe. Mwati, mti wa Australia unaopandwa kwa ajili ya magome yenye tanini, unaweza kuukumbatia usichomwe popote. Kitabuni ni Acacia mearnsii. Kikwata, mti wa Afrika, kimehamishiwa jenasi ya Senegalia. Na mgunga wa Serengeti, ule mwavuli wenye miiba mirefu myeupe iliyochanganyika na mifupi iliyopinda kama ndoana, inayokamata shati ukijaribu kujinasua, sasa unaitwa Vachellia tortilis.